Friji Kwenye Soketi Nyeupe

Chanjo zote za surua za hospitali ya Steinfurt, kusini mwa jimbo la Manitoba, ziliharibika usiku wa kuamkia Ijumaa. Dozi mia mbili na kumi na mbili. Zilikuwa zichomwe Jumamosi, kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kukubali chanjo ya aina yoyote.

Aliyezikuta ni Leona Penner, muuguzi wa elimu ya afya. Alifungua friji asubuhi akakutana na hewa ya uvuguvugu. Kabla hajamaliza kulia, mkurugenzi alikuwa ameshatoa hukumu: Leona aliivuta friji Alhamisi asubuhi ili afagie nyuma yake, kisha akaichomeka pasipo pake. Uzembe. Atafute kazi nyingine.

Leona akapiga simu polisi mwenyewe.

Sajini Orest Hnatiuk alifika na theluji kwenye buti, akainama nyuma ya friji. Ukutani palikuwa na soketi nyekundu, tupu. Soketi za namna hiyo hazizimwi, na umeme ukikatika jenereta huzibeba. Friji ilikuwa imeunganishwa na waya mrefu wa kahawia, wa kuongezea, uliopita nyuma ya kabati hadi soketi nyeupe ya ukuta wa pili. Nyeupe ndizo hospitali ilizokuwa ikizima usiku, tangu serikali ya jimbo iagize umeme upunguzwe.

"Waya huu wako?" aliuliza.

"Sina waya, Sajini. Gord wa mitambo alizikusanya zote mwezi uliopita. Kwa nini nihangaike kuvuta waya chumba kizima na nyekundu iko hapo hapo?"

"Jana ulikuwa wapi?"

"Niliondoka saa nne asubuhi kwenda mashambani, kwa akina Wiebe na wenzao. Nilirudi jioni moja kwa moja nyumbani. Familia thelathini na nane, Sajini. Miaka miwili nakunywa chai jikoni kwao. Waliniambia watakuja mara moja tu, nisipowaangusha." Alijifuta pua kwa kiganja. "Kazi nitapata nyingine. Hao siwapati tena."

Funguo za chumba zilikuwa tatu: ya Leona, ya Gord Tessier wa mitambo, na ya Verna Halldorson, muuguzi mkuu.

Gord alikuwa chumba cha mitambo, uso umemwiva.

"Mimi ndiye niliyezima, ndiyo! Saa kumi na mbili jioni, soketi nyeupe zote za kliniki. Nyekundu sikugusa. Ningejuaje kama mtu ameweka chanjo kwenye nyeupe?"

"Huwa unazima kliniki kila usiku?"

"Jana ndiyo mara ya kwanza. Zamani nilikuwa nazima ofisi tu. Niliwatangazia wakuu kikaoni, saa tisa alasiri."

"Nani alikuwepo?"

"Mkurugenzi, Verna na mimi."

"Leona unamwonaje?"

Gord akacheka bila furaha. "Nimeokoa umeme wa kuwasha nusu ya mji huu. Waziri alipokuja, akapiga picha na nani? Na Leona, eti kabeba mtoto! Mimi nikaambiwa nishike ngazi ya mpiga picha."

"Kwa hiyo unamwonea wivu."

"Namwonea, bwana, ndiyo kesi imekwisha? Lakini fikiria basi. Jimbo limenipigia simu asubuhi hii, mradi wangu umesimamishwa. Mtu achome nyumba yake ili amkere jirani?"

Orest alikuna kidevu. Mkurugenzi hakuwa na ufunguo. Leona hakusikia tangazo. Kwa kadiri alivyojua yeye, soketi nyeupe ya kliniki ilikuwa na umeme usiku kucha. Aliyeihamisha friji alijua usiku huo itazimika.

"Ulikusanya nyaya zote?"

"Zote, isipokuwa mmoja. Kila nikiufuata naambiwa sina adabu."

"Na nani?"

"Nenda ofisi ya Verna. Mimi nimechoka kufukuzwa."

Verna Halldorson alimpokea akiwa amekaa mezani na koti zito, kofia kichwani, glavu mikononi. Dirisha nyuma yake lilikuwa na utando wa barafu. Ukutani ilining'inia picha yake ya zamani, mbele ya kipaza sauti cha redio.

"Karibu, Sajini. Maskini Leona. Msichana mzuri, ila kichwa chepesi. Nilishawaambia hiyo kazi inataka mtu mzima."

"Ilikuwa yako?"

"Miaka kumi na minne. Kila Jumanne redioni. Mji mzima uliijua sauti yangu."

"Mbona umevaa koti ndani, mama?"

"Baridi."

"Una hita hapo chini ya meza."

"Imekufa."

Orest alipiga magoti, akaivuta hita. Waya wake ulikuwa mfupi, haukufika robo ya njia kwenda ukutani. Plagi yake ilikuwa imeungua upande mmoja, plastiki imeyeyuka kama nta. Alitoa kwenye mfuko ule waya wa kahawia aliouchomoa kwenye friji. Tundu lake lilikuwa limeungua upande huo huo. Alichomeka plagi ndani, weusi ukakutana na weusi. Akapeleka ncha ya pili ukutani. Hita ikaanza kunguruma.

"Imefufuka," alisema.

Verna alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Ningeichomoa tu friji, ingeonekana ni uadui," alisema mwishowe. "Nilitaka waseme ni mzembe. Basi."

"Kwa nini?"

"Unajua mimi nilibisha milango mingapi kule mashambani? Walinisikiliza redioni, halafu nikifika wananifungia! Nilisimama kwenye upepo na vipeperushi vyangu kama mwombaji. Yeye anaenda na chupa ya matango ya siki, anawasalimia kwa Kijerumani cha bibi yake, wanamvutia kiti! Kisa jina lake ni Penner, ni damu yao. Nimesomea nini basi? Na redio wakampa. Na picha wakampa."

Leona alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwona akifika.

"Dada Verna," alisema, "kwa akina Wiebe niliambiwa kitu. Yule mama alisema, 'Yule wa redioni ndiye aliyenitia hofu ya surua. Wewe umenitoa hofu ya sindano tu.' Nilikuwa nikuambie leo."

Verna alifunika uso. Orest akamwambia achukue mkoba wake, waondoke.

Verna alinyang'anywa leseni akahukumiwa kifungo cha nje cha miezi tisa. Mradi wa Gord haukurudishwa. Leona alibaki kazini. Chanjo mpya zilikuja baada ya wiki mbili, na kati ya zile familia thelathini na nane zilikuja kumi na moja. Zilizobaki zilisema hospitali inayopigana yenyewe kwa yenyewe haiwezi kuwachoma watoto wao sindano. Surua iliingia mashambani mwezi Machi. Waliugua watoto kumi na tisa, wawili wakapelekwa Winnipeg kwa ndege. Mmoja wao, Susanna Wiebe wa miaka minne, hasikii tena kwa sikio la kushoto.