Kalenda Iliyohama

Kila Jumamosi Lynnet alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuanika omena za mama yake, wale dagaa wa ziwani, na kumwogesha Clifford, binamu yake wa miaka mitano, aliyechukia maji kama paka. Jumamosi hii kazi zilizidi. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Kehancha, kule Migori, kupanga siku ya harusi ya dada yake Roseline na kijana aliyeitwa Gisiri. Baba yao, mzee Cephas, alikuwa amepaka sebule rangi mpya nyeupe kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna mtu hapo nyumbani kwao, kisiwani Rusinga, aliyeruhusiwa kuegemea ukuta.

"Lynnet, panguza sebule, kisha utandike vitambaa kwenye viti," mama alimwambia akiwa jikoni, mikono imejaa unga wa chapati. "Na usiguse kisicho chako."

Lynnet hakuwa mtoto mbaya. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuweza kupita karibu na kitu kilichofungwa bila kukifungua. Na pale mezani ulikuwepo mkoba mdogo wa Roseline, ambaye bado alikuwa mjini Mbita akisukwa nywele. Lynnet aliufungua. Akatoa lipstiki nyekundu, akapanda juu ya mkono wa kiti ili auone uso wake kwenye kioo cha ukutani, maana baba alikitundika kwa kimo chake yeye.

Alikuwa amepaka mdomo wa juu tu aliposikia sandali za mama. Akashtuka, mguu ukateleza. Lipstiki ikachora mstari ukutani, ikakatika, na kipande chake kikaanguka kwenye mkono wa kiti. Goti la Lynnet likatua juu yake na kukiponda.

Mama hakuingia, alipita kwenda uani. Lynnet akaufuta mdomo wake kwa kiganja na kuutazama ukuta. Mstari ulikuwa mfupi, hauzidi ukucha. Angemwita mama wakati huo, hadithi hii ingeishia hapa. Lakini aliikumbuka migongo ya mikono ya baba yake ilivyokuwa na matone ya rangi, na hofu ikamshika. Akachukua kitambaa kibichi, akasugua. Mstari ukapanuka. Akasugua kwa nguvu zaidi, na sasa palikuwa na doa la waridi lililoenea kama kiganja cha mtu mzima. Kitini nako mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Juu ya doa palikuwa na msumari mtupu, uliobaki tangu saa ya ukutani iharibike. Lynnet akaiangua kalenda ya kanisa kutoka mahali pake karibu na mlango, akaitundika kwenye msumari huo. Doa likafunikwa lote. Kitini akaweka kitambaa cheupe cha kufuma. Alikuwa anashusha pumzi mama alipoingia na kuona nusu ya lipstiki sakafuni.

"Nani amevunja hii?"

Clifford alikuwa amesimama mlangoni na gari lake la waya. Lynnet alimtazama, na neno likamtoka kabla hajalifikiria.

"Ni Clifford."

Mtoto alibaki kinywa wazi. "Si mimi! Mama mkubwa, si mimi!"

Lakini mama hakuwa na muda wa kesi. "Umeharibu kitu cha dada yako siku kama ya leo? Nenda kwa Mama Joash, pale jirani. Usirudi hapa mpaka wageni waende."

Clifford aliondoka akilia. Wiki nzima alikuwa akirudia salamu ya Kikuria aliyofundishwa na Gisiri, ili awe wa kwanza kabisa kuwasalimia wageni. Lynnet alijua hilo. Akaendelea kutandika vitambaa.

Wageni walifika saa saba, Roseline akiwa amekwisha kurudi kutoka Mbita. Mzee Ryoba, baba yake mdogo Gisiri, alipewa kiti cha heshima, na kiti chenyewe kilikuwa kile kile. Mellen, shangazi yake Gisiri, mwenye saluni ya kupamba maharusi mjini Migori, alikaa kando yake. Walikula samaki na chapati, wakacheka. Lynnet peke yake ndiye aliyeona unyevu ukipenya kwenye kitambaa cha kufuma, na alama ya waridi ikichomoza polepole karibu na kiwiko cha mzee.

"Na yule mwanafunzi wangu wa salamu yuko wapi?" Gisiri aliuliza.

"Yuko kwa jirani," mama alijibu. "Alivunja vitu vya Roseline. Amepata adhabu."

Gisiri alisikitika.

Kisha Mzee Ryoba akajifuta midomo. "Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Leteni kalenda, tuitazame Desemba."

"Lynnet, tuangulie kalenda," baba alisema.

Lynnet hakusogea. "Baba, si hata simu ina kalenda?"

Wageni wakacheka. "Binti yangu," Mzee Ryoba alisema, "harusi haipangwi mfukoni mwa mtu mmoja. Tunataka sote tuione hiyo siku."

Baba aligeuka, akashangaa kuona kalenda imehama. "Na ni nani aliyeileta huku?" Akainuka na kunyoosha mkono.

Lynnet alijua njia ya kuokoka ilikuwepo, tena rahisi. Clifford alikwisha kulaumiwa. Kumwongezea doa la ukutani kusingemgharimu yeye kitu. Alichotakiwa kusema ni jina tu. Lakini alimwona kwa macho ya moyo yule mtoto ameketi kwa Mama Joash na salamu yake isiyo na wa kusalimiwa.

"Baba, ngoja!" Lynnet alimkimbilia. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyevunja lipstiki. Clifford hakufanya chochote, nilimsingizia. Na kuna doa hapo nyuma. Na kwenye kiti pia."

Akaiangua kalenda mwenyewe. Mama aliinamisha kichwa kwa aibu, na baba akautazama ukuta wake kwa muda mrefu. Roseline ndiye aliyeonekana kutaka kulia.

Shangazi Mellen akainuka. "Hii kitu naitoa kwa kuta za saluni kila wiki," alisema. "Nipeni kijiko, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na vitambaa vyeupe vikavu. Lakini si mimi nitakayefanya kazi. Njoo, nyathiwa, mtoto wetu, maana hivyo ndivyo mnavyosema huku kwa Kijaluo, sivyo?"

Wakamwekea Lynnet kila kitu. Kwanza Mellen alimfanya ajaribu sabuni nyuma ya mlango, aone kama rangi ya ukuta haibanduki. Kisha akamwonyesha: kwangua mabaki taratibu kwa ukingo wa kijiko, weka tone la sabuni kwenye kitambaa, gusagusa, usisugue.

"Lipstiki ni mafuta. Maji matupu huyatembeza tu. Anzia ukingoni uelekee katikati, na kila mara geuza kitambaa upande safi."

Lynnet aligusagusa huku machozi yakimtiririka. Ukuta ulitakata, kisha kiti, ingawa kiti kilidai marudio matatu.

"Unaona?" Mellen alisema. "Lilikuwa dogo. Ulilisugua kwa hofu likawa kubwa, ukalifunika kwa uongo likamfikia mtoto ambaye hata hakuwa ndani. Kosa nalo huondolewa hivi hivi, kuanzia pale lilipofikia mwisho. Lako lilifika wapi mwisho?"

"Kwa Mama Joash," Lynnet alijibu.

"Basi nenda ukaanzie huko."

Alikimbia. Clifford alikuwa ameketi kizingitini, gari la waya mapajani. Lynnet akapiga magoti mbele yake. "Nilidanganya. Nisamehe. Nimewaambia wote ukweli."

Clifford alimpima kwa macho. "Hata mama mkubwa?"

"Hata yeye."

"Wageni wameenda?"

"Bado. Wanakungoja."

Clifford aliingia sebuleni mbio, akasimama mbele ya Mzee Ryoba na kutoa salamu yake, nusu ameigeuza na nusu ameimeza. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaiitikia yote. Mama akamvuta mtoto kifuani. "Na mimi nisamehe, mwanangu. Nilihukumu bila kukusikiliza."

Siku ya harusi ilipokwisha kuchaguliwa, Lynnet alichukua kalenda, akaielekeza kwenye ule msumari juu ya kiti. Baba akamzuia.

"Hapana, irudi karibu na mlango. Pale juu hapana tena kitu cha kufunika."