Kisu cha Kupasulia Mabuti

Kila asubuhi kabla ya shule, Umurerwa alisugua mabuti ya mpira ya baba yake, Evode, mbeba mizigo wa milima ya Rubaya. Tope la huko lina meno. Wenyewe wanasema liliwahi kumeza mbuzi mzima, likarudisha kengele tu.

Asubuhi hiyo Evode aliketi kizingitini akihema, ingawa hakuwa amebeba hata kikapu. Mguu ulikataa kuingia kwenye buti.

"Tope limekaza mpira," alinung'unika. "Umurerwa, niletee kisu niyapasue mabuti."

Umurerwa alikichukua kisu, kisha akasita. Mwaka jana baba yake mkubwa, Faustin, alipasua mabuti vivyo hivyo, akasingizia tope. Wenzake wakamtania kwamba amepata miguu minene ya tajiri. Baadaye akawa analala ameketi, ameegemea gunia la maharagwe, maana akijinyoosha pumzi inakatika. Walimzika gunia lile halijaliwa hata nusu.

Umurerwa alikificha kisu mgongoni.

"Hapana, Papa. Papa Faustin alianza hivi hivi."

"Weye mutoto! Unanichimbia kaburi?"

"Mabuti yako njo inalichimba, Papa."

Mama yake Umurerwa, Emérita, alisikia, akatua jembe. "Evode, twende kupimwa. Ukikataa nitakubeba mgongoni kama gunia, Rubaya nzima icheke."

Kwenye kituo cha afya, Umurerwa alisimulia habari za kisu na za Faustin, na muganga Mapendo akabonyeza mguu wa Evode kwa kidole. Shimo likabaki, kama kwenye ugali wa moto. Akamfunga kitambaa cha kupimia presha, akasikiliza kifua, akakunja uso.

"Presha iko juu sana, Papa. Moyo umeanza kushindwa kusukuma damu, njo maana maji yanajaa miguuni. Kesho mutaenda hospitali. Dawa ni kila siku, chumvi kidogo. Na mizigo, basi."

Evode alitazama viganja vyake. Hakujua kazi nyingine.

"Shamba iko," Emérita alisema taratibu. "Utachambua maharagwe."

"Na weye, Mama, leta mkono," Mapendo alisema.

"Miye? Miye niko muzima! Nimelima tangu alfajiri!"

Kitambaa kilipolegea, Mapendo alimwonyesha namba. Nayo ilikuwa juu.

"Presha haibishi hodi," Mapendo alimwambia Umurerwa. "Inauchosha moyo kimyakimya, kama mzigo unaoongezwa jiwe moja kila siku. Mama yako tumemuwahi. Papa yako tumemkuta njiani. Faustin hatukumwona kabisa. Mtu apimwe angali mzima, mwanangu. Asingoje kuomba kisu."