Pumzi za Mzee Mkomwa

Kichujasauti hakikuwa na sindano. Kilipitisha uzi wa mwanga juu ya santuri, mwanga ukasoma kila mfereji na kutenganisha muziki na uchafu, kisha ukaulamba mfereji wenyewe hadi ukabaki bapa. Santuri ilisomwa mara moja tu. Hilo mhandisi Shekue hakumwambia Bi Sikudhani, ambaye tayari alikuwa anamchukia.

Bi Sikudhani alimchukia kwa jinsi alivyoishika santuri, kidole gumba juu ya mifereji. Watu wa jazi hushika ukingoni. Nyumbani, marehemu mama yake hakumruhusu mtu kuigusa kabla ya kunawa na kujikausha, kwa kuwa ndiyo nakala pekee iliyobaki ya saksafoni ya mumewe, Mzee Mkomwa. Bi Sikudhani aliileta kwenye karakana hii ya Tanga Mpya iondolewe mkwaruzo mmoja tu, uliokuwa unarusha sindano.

"Tayari, bibi. Safi kabisa!"

Saksafoni ikajaa chumbani, kila noti mahali pake. Bi Sikudhani akasubiri. Kwenye santuri sauti ile ilikuwa nzito, yenye joto. Ungesikia ulimi wa mwanzi wa saksafoni ukilowa mate, na kabla ya kila kipande, mtu akivuta pumzi. Hapa noti zilifuatana zenyewe.

"Pumzi ziko wapi?"

"Pumzi zipi?"

"Za baba yangu! Kwani alipuliza kwa pampu?"

"Kisicho noti mashine inakihesabu uchafu, bibi. Inafuta."

"Nipe santuri yangu."

Akampa. Ilikuwa nyeusi, laini, haina mfereji hata mmoja. Bi Sikudhani akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mshenzi mkubwa wewe."

Shekue akabofya haraka haraka. "Usikasirike. Pumzi zinatengenezeka, tunazo za kila aina." Wimbo ukaanza upya, na sasa palikuwa na mtu anayevuta hewa, ndefu, ya kifua kipana. "Umeona? Kama yupo hapa."

"Baba alirekodi wimbo huu mapafu yameshaliwa na kifua kikuu," Bi Sikudhani alisema. "Alikuwa anahema kwa kuibia. Mimi nilikuwa tumboni, na akafa kabla sijazaliwa. Sina picha yake. Kuhema kule ndiko nilikomjua."

Kwenye spika, yule mwanamume mwenye afya yake akavuta pumzi nyingine.