Presha ya Mkono na Presha ya Mapafu

Shemeji yangu ni fundi wa matairi, na mtaa mzima unamwita Upepo. Geji ya kupimia upepo wa matairi haitoki mfukoni mwake. Mteja akimwambia apime tairi moja tu, mengine yako sawa, Upepo hununa. Humwuliza amejuaje, ameongea nayo? Kisha anayapima yote.

Dada yangu, mke wake, ni fundi cherehani. Wanaishi ghorofa ya tatu. Zamani alikuwa akipanda ngazi na furushi la vitambaa kichwani huku anapiga soga. Baadaye akawa anapumzika kila ghorofa, amejishika kifua, midomo imebadilika rangi. Jioni miguu inavimba, viatu havivaliki. Alisema ni uzee. Uzee gani, na mimi na yeye tumefuatana?

Upepo anampenda mke wake, hilo sibishi. Akamnunulia mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi. Kila asubuhi anampima, anasoma namba, anatangaza kwamba presha iko safi. Basi sote tukaridhika, mpaka siku dada alipozimia kwenye ngazi, vitambaa vimetawanyika. Nilipomwona amelala pale, nilijua tunampoteza.

Hospitalini, daktari wa moyo alimsikiliza kifua, akamfanyia eko. Hicho ni kipimo kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, wala hakiumi. Akasema upande wa kulia wa moyo umetanuka. Alishuku kuwa presha iko juu kwenye mishipa inayopeleka damu mapafuni.

Upepo akakataa katakata. Alieleza jinsi anavyompima kila siku. Daktari hakumkatiza. Alimwuliza anafanya kazi gani, akaambiwa.

"Ukipima tairi la mbele, unalijua la nyuma?"

Upepo akaishika geji mfukoni. Machozi yakamlengalenga. "Kumbe muda wote nimempima tairi moja."

"Usijilaumu, baba. Mashine ile inapima presha ya mishipa ya mwilini. Ya mapafu haiioni."

Akatueleza taratibu. Eko inatoa dalili, lakini haitoshi kuthibitisha. Ili kuwa na hakika, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa shingoni au wa kinena, ukafika upande wa kulia wa moyo na kwenye mshipa wa mapafu, upime presha humo humo. Mgonjwa akiwa amepumzika, wastani wa presha hiyo ukizidi milimita ishirini za zebaki, huo ndio ugonjwa wenyewe. Kisha hutafutwa chanzo: moyo, mapafu, damu iliyoganda, au kitu kingine. Tiba hufuata chanzo.

Dada aliuogopa mrija. Alisema yeye amezoea kudunga nguo sindano, si kudungwa. Tukacheka, naye akakubali. Walimtia ganzi shingoni. Wastani wake ulipita arobaini. Picha ya mapafu ikaonyesha damu ya zamani iliyoganda, akaanzishiwa dawa na kupangiwa kliniki.

Leo anapanda ngazi polepole, lakini anaongea njia nzima, na furushi analibeba Upepo. Bandani kwake, Upepo ameongeza swali. Akishapima matairi yote, anamtazama mteja usoni.

"Na wewe, ukipanda ngazi pumzi inakutosha?"