Sauti ya Tatu

Risasi ya kwanza ilipasua chuma cha ngazi. Ya pili ilimnyofoa Kufuli kipande cha sikio la kushoto.

Hakusimama.

Jamaa aliyekuwa akikimbia mbele yake alishuka ngazi tatu tatu, king'amuzi cha televisheni kakibana kwapani kama mwizi wa kuku. Mkono wa kulia ulishika bastola. Kila alipofika kwenye kona aligeuka na kufyatua bila kulenga.

Kufuli alikuwa akihesabu. Tatu. Nne. Tano.

Kwenye sikio lililobaki zima, redio ilikoroma.

"Kufuli, uko wapi?"

"Ghorofa ya nne, Shangazi. Nashuka."

"Nataka hicho king'amuzi. Maiti ninazo za kutosha."

"Nimesikia."

Mkuu wa kitengo cha upelelezi, wote walimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote, ila alikuwa na ile sauti ya kukuuliza kwa nini vyombo havijaoshwa mpaka saa hizi. Naye Kufuli aliitwa Kufuli kwa sababu alikuwa mwanamke wa maneno machache, na akishakubana hutoki.

Sita. Saba.

Ile bastola ilikuwa Makarov. Makarov inabeba nane.

Ya nane ilipita juu ya nywele zake. Kufuli alishika ukingo wa ngazi, akaruka ghorofa nzima na kumwangukia jamaa mabegani kwa magoti yote mawili.

Mfupa ulilia. Haukuwa wake.

Walibiringika hadi kwenye kibaraza. Jamaa alimpiga kichwa puani, mara mbili, damu ikamjaa Kufuli mdomoni. Bado jamaa akaona hawezi kutoka. Basi akafanya alichoagizwa na mabosi zake: akakirusha king'amuzi nje ya ukingo.

Kilianguka ghorofa mbili. Kikapasuka kama sahani.

Kufuli aligeuza macho. Kosa dogo tu hilo, na kisu kikatoka kwenye soksi.

Aliudaka mkono hewani. Akaupinda kule usikotaka kwenda. Kisu kile kile kikaishia chini ya mbavu za mwenyewe, mpaka kwenye mpini. Jamaa aliketi kwenye ngazi taratibu, akautazama mpini kwa mshangao, akataka kusema kitu.

Hakukisema.

Chini, plastiki ilikuwa imetawanyika kila mahali. Kufuli alichambua vipande kwa kidole hadi alipokipata alichokitaka: diski ya chuma, ukubwa wa kiganja, imebonyea pembeni kidogo tu. Aliifuta damu kwa pindo la blauzi.

"Mwili umekufa, Shangazi. Roho ninayo."

"Mpelekee Fundi. Mbio."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

*

Karakana ya fundi wa madishi ilikuwa nyuma ya duka la vioo. Madishi yalipangwa ukutani moja juu ya jingine, na meza nzima ilikuwa waya, koleo na vikombe visivyooshwa. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imeunganishwa katikati kwa selotepu.

"Dada, sikio lako linavuja."

"Liache livuje. Shughulika na hii."

Fundi aliipokea diski kwa mikono miwili. Aliishika kama yai, na Kufuli alijua sababu.

Mdogo wake Fundi, wa tumbo moja, alikuwa karani wa forodha. Wiki tatu nyuma alifungua kontena la magodoro kutoka nje, akachana godoro moja, akakuta bunduki. Akachana la pili. Bunduki. Akakataa kugonga muhuri. Jioni ile ile walimpiga risasi mbili barabarani, na kwa bahati yake akapona. Kesho asubuhi angesimama mahakamani na kuwataja wote. Shangazi alimficha hospitali fulani kwa jina la uongo, na hata kaka yake hakuambiwa ni ipi.

Ndiyo maana alichaguliwa fundi huyu na si mwingine. Huyu asingeweza kuwauza.

Kampuni ya magodoro ilikuwa na chaneli yake ya dishi, inafunguka kwa kadi maalumu. Kila asubuhi saa moja ilirusha tangazo la nusu saa. Kila asubuhi yule jamaa wa ngazini alilirekodi. Shangazi aliamini amri za kuua zilipita humo humo.

Kivipi, hakuna aliyejua.

Fundi alichomeka diski kwenye kompyuta. Kwenye kioo akatokea msichana mwenye meno meupe, amejilaza kwenye godoro. "Lala kama mtoto! Amka kama simba!"

"Huyu ndiye anatuua?" Kufuli aliuliza.

"Huyu kapambwa tu, masikini. Hebu sogea uone." Fundi alivuta kiti. "Rekodi ya dishi ni kama kamba ya nywele. Televisheni inakuonyesha picha moja na sauti moja, unadhani umemaliza. Kumbe ndani zimesukwa nyingi. Picha, sauti ya kwanza, sauti ya pili, maandishi, takataka. Mimi kazi yangu ni kufumua."

Alibonyeza. Faili moja nene likaanza kutoa watoto.

"Picha hii hapa, peke yake. Sauti ya kwanza: ni huyu bibi harusi wa magodoro. Sauti ya pili: yeye yule, lugha nyingine. Sauti ya tatu..."

Spika zilinyamaza.

"Haina kitu," Kufuli alisema.

"Tatizo lenu watu wa bastola ni haraka." Fundi alionyesha mstari kwenye kioo. "Kimya cha kweli kimenyooka. Hiki kina vinyweleo. Unaviona? Kuna mtu ananong'ona humu ndani."

"Mpandishe."

"Nampandisha. Lakini kwanza picha, maana nayo inanikera."

Aliiendesha picha moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde. Godoro. Godoro. Msichana. Godoro.

Kidole cha Fundi kiliganda hewani.

Katikati ya magodoro, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, palikuwa na picha ya mwanamke amelala. Kitanda cha hospitali. Mrija mkononi. Ilipigwa karibu sana, na mtu aliyesimama pale pale kitandani.

"Ni mdogo wangu," Fundi alisema. "Dada, wamemfikia. Huyo ni mdogo wangu."

"Sauti ya tatu, Fundi."

"Wamesimama juu ya kichwa chake!"

"Kaka." Kufuli alimshika bega. "Sauti. Ya. Tatu."

Fundi aliipandisha. Mluzi, mkwaruzo, kisha sauti ya mashine, kavu, ile ya kompyuta ikisoma maandishi:

"Chumba kumi na nne. Mtu wetu amevaa nguo nyeupe. Saa kumi na mbili. Gari mlango wa nyuma."

Kufuli alikuwa ameshapiga simu.

"Shangazi, wanajua chumba. Ni saa kumi na mbili, mlango wa nyuma."

"Kumi na mbili jioni." Shangazi alivuta pumzi. "Basi tuna nafasi. Nitaleta kikosi saa tisa, tumhamishe taratibu. Kafunge hilo sikio."

Kufuli aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alisikia maumivu. Alichukua kitambaa cha kufutia vioo, akakikunja, akakikandamiza sikioni.

Fundi hakuketi. Alikuwa akifumua rekodi za zamani zilizobaki kwenye diski, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Hii ya Alhamisi," alisema. "Sikiliza."

Mashine ilisema: "Lori la wapelelezi. Darajani. Saa tatu."

Kufuli aliinua kichwa.

"Lile lori lililipuka saa ngapi?" Fundi aliuliza.

"Saa tisa alasiri. Nilikuwepo. Nilibeba watatu kwa mikono hii."

"Hapa wanasema saa tatu."

"Walichelewa?"

"Saa sita nzima?" Fundi alivua miwani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Dada, hii ni mashine ya kutafsiri. Bosi wao anaandika kwa lugha yake huko aliko, mashine inageuza neno kwa neno. Kwao saa zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane, kisha upya adhuhuri. Tatu yao ndiyo tisa yetu. Watu wao huku wameshazoea, wanageuza wenyewe kichwani."

"Na kumi na mbili yao..."

Kufuli aliitazama saa yake ya Casio.

Saa sita kasoro dakika kumi na tisa.

*

Yamaha ilipanda ukingo wa barabara, ikakata bustani, ikarudi barabarani. Kufuli aliongea ndani ya kofia ya pikipiki.

"Shangazi, siyo jioni. Ni sasa. Saa sita kamili."

"Mlinzi wa mlangoni hapokei simu."

"Hospitali ipi?"

Shangazi alimwambia. "Jengo la nyuma, ghorofa ya pili. Kikosi kiko umbali wa dakika ishirini."

"Nitakuwa nimemaliza."

Mlango wa nyuma palikuwa na gari dogo la kijivu, injini inanguruma, dereva anatafuna kijiti. Kufuli alishuka, kofia mkononi.

"Habari ya kazi, kaka."

"Huku hakuna maegesho, mama. Zunguka mbele."

Macho ya dereva yalikuta damu kwenye blauzi. Mkono wake ukaenda chini ya kiti. Alifungua mlango akautoa na bunduki fupi, nusu nje, na Kufuli akaupiga mlango teke kwa nguvu zake zote.

Mkono ulivunjika mahali pawili.

Kabla hajapiga kelele, kofia ilimshukia usoni. Mara moja. Mara ya pili. Meno yakamwagika kwenye usukani. Kufuli alimfunga pingu hapo hapo kwenye huo usukani, akachukua ufunguo, akaiona kadi ya chaneli ya magodoro kwenye dashibodi, akapanda ngazi.

Mlinzi alikuwa ameketi nje ya chumba kumi na nne, gazeti kifuani. Kwa mbali ungesema amesinzia. Lakini gazeti lilikuwa limelowa, nalo lilikuwa jekundu.

Bado. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Muuaji alikuwa akiisubiri saa yake.

Koridoni kulikuwa na watu watatu. Daktari mzee alisoma faili kando ya dirisha. Muuguzi wa kike alipanga vidonge juu ya sinia. Mwanaume mmoja alisukuma toroli la mashuka.

Wote watatu, nguo nyeupe.

Bastola yake ya Glock ilikuwa mgongoni, chini ya blauzi. Akiitoa mapema, muuaji angemkamata yeyote aliye karibu. Akichelewa, basi tena.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Samahani," alisema kwa sauti ya mtu aliyepotea. "Saa ngapi?"

Daktari alikunja kiwiko, akaisogeza saa puani. "Sita kasoro... ngoja, hii saa yangu haina adabu."

Muuguzi alipapasa mfuko akitafuta simu.

Mwenye toroli hakutazama popote. Hakutazama mkono wala ukuta.

"Sita kasoro dakika tatu," alisema.

Mtu hajui dakika hivyo, isipokuwa anazihesabu.

Macho yao yalikutana. Naye akajua amejisema.

Mashuka yalilipuka. Risasi mbili, puf, puf, bastola yenye kiziba sauti chini ya vitambaa. Ya kwanza ilivunja dirisha. Ya pili ilimchana Kufuli paja. Alimsukuma daktari chini, akafyatua, akakosa, akafyatua tena. Bega la jamaa lilitoka damu nyuma na mbele. Hakuanguka. Aliutumia mwili wake kama nyundo, akauvunja mlango wa chumba kumi na nne.

Kufuli alimfuata ndani, akamrukia mgongoni.

Waliangukia kwenye meza ya dawa. Vioo vikawa vipande. Glock ikateleza chini ya kitanda. Jamaa alikuwa mzito kama gunia la saruji. Alimlalia, akamkaba koo kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiinyanyua bastola kuelekea kitandani.

Kufuli aliung'ang'ania ule mkono kwa vidole vyote kumi. Ulikuwa ukipanda. Sentimita moja. Nyingine. Macho yake yalianza kuona weusi.

Kitandani, mgonjwa alifumbua macho.

Aliuona mdomo wa bastola. Hakupiga kelele. Alikishika kile chuma kirefu kinachoning'iniza chupa ya maji ya mrija, akakivuta kwa nguvu za mtu aliyechoka kupigwa risasi.

Chuma kilimshukia jamaa utosini.

Hakikumuua. Kilimpumbaza sekunde moja, na sekunde moja ilimtosha Kufuli. Alishika kipande cha kioo na kukizamisha chini ya sikio, akakivuta kuelekea kwake. Damu ya moto ilimfunika uso. Jamaa alitikisika, akapiga sakafu kwa kisigino mara tatu, akatulia.

Kengele ya chakula cha mchana ililia mahali fulani chini.

"Wewe naye nani?" mgonjwa aliuliza.

Kufuli alikohoa kabla ya kupata sauti. "Nimetumwa na kaka yako."

"Kaka yangu anakujuaje mtu kama wewe?"

Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Kufuli aliitazama namba, akaipokea, akaiweka sikioni mwa mgonjwa.

"Kaka? ... Ni mimi. ... Mzima. ... Acha kulia, bwana, unaniumiza kichwa." Machozi yalikuwa yakimshuka na yeye pia. "Hapana, sirudi nyuma. Kesho naenda. Hata wakinibeba na kitanda, nasema yote."

Muuguzi aliingia, akaona, akajishika kinywa. Kisha akakumbuka kazi yake. Akaanza kumfunga mgonjwa mkono pale mrija ulipochomoka.

Kufuli aliiokota Glock, akaburuta kiti hadi mlangoni, akaketi akitazama koridoni, hadi buti za kikosi ziliposikika kwenye ngazi. Aliwahesabu walipoingia. Wanane, sura zote anazijua.

"Shangazi. Karani yuko hai. Muuaji hayuko. Dereva wao kafungwa nyuma, ana mdomo wa kusemea ingawa meno yamepungua. Kadi ya chaneli iko kwenye gari."

"Kwa hiyo tutawapata wote."

"Kabla ya jua kuzama."

"Umeumia?"

"Nitatembea."

Alifuta uso kwa shuka, akavaa koti la daktari juu ya blauzi, akashuka kwa ngazi za mbele katikati ya watu waliokuja kuona wagonjwa wao. Getini mlinzi mzee alimzuia kwa kalamu.

"Binti, sijakuona ukiingia. Na mikono yako ina damu. Ulikuja kufanya nini?"

Kufuli aliitazama mikono yake.

"Kutoa damu, baba."

Uso wa mzee ulilainika. Alisimama kabisa, akaitoa kofia.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Watu kama nyinyi ni wachache."

Akamfungulia geti.