Mume Wangu Alivyougeuza Mtaro Uje Mlangoni Kwetu

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, ni fundi cherehani, na ninaishi Nyegezi, jijini Mwanza, katika chumba na sebule vya kupanga, mimi na mabinti zangu mapacha pamoja na bibi yao. Bibi huyo si mama yangu mzazi. Ni mama wa mwanaume aliyekuwa mume wangu. Wateja wangu wakilijua hilo hushangaa... Mwanaume kaondoka, mama yake kabakije? Huwa natabasamu na kuendelea kushona. Leo nataka kuwasimulia ninyi wasomaji wenzangu, kwa sababu nimechoka kukaa nalo moyoni peke yangu.

Mimi ni Mjita, nimezaliwa Majita kule Mara. Mume wangu nitamwita Lukas, ni Msukuma wa Magu. Alikuwa fundi ujenzi hodari sana, na nyumba yetu ya upande wa Buhongwa, kwenye mteremko chini ya mlima wa mawe, aliijenga kwa mikono yake huku mimi nikimsogezea maji na tofali. Tuliishi vizuri. Watoto wetu, Kulwa na Doto, walizaliwa tukiwa humo humo, dirisha moja likiwa bado limezibwa kwa bati.

Mama yake alipoanza kuugua miguu tulimchukua kutoka kijijini. Tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Sitawadanganya, hatukupatana mwanzoni. Alikuwa mkali, na aliona mwanawe alistahili kuoa kwao. Chai yangu ilikuwa na maji mengi, ugali wangu ulikuwa laini, kila kitu kilikuwa na kasoro.

Sasa naomba mnielewe nyumba zilivyokaa. Njia yetu inashuka kutoka mlimani. Ukishuka, nyumba yetu ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto kulikuwa na korongo la tangu zamani, na mvua ikinyesha mlimani maji yote yalipita humo kuelekea bondeni. Upande wetu hatukuwahi kuona hata tope ukumbini.

Baadaye alihamia mwanamke mmoja, nitamwita Sabina, akanunua kiwanja kile cha kushoto chenye korongo. Alilifukia kwa vifusi, akajenga nyumba nzuri, ukuta mrefu na fremu za biashara. Watu walinong'ona kwamba maji yatakuja kudai njia yao. Mimi sikuwa na neno naye. Aliniita dada, nikamshonea nguo, na mume wangu ndiye aliyemjengea ukuta ule. Nilifurahi kwamba kapata kazi karibu na nyumbani.

Kisha ukaja mradi wa barabara ya mawe. Tulishangilia mtaa mzima, kwani wakati wa masika hata mgonjwa alibebwa mgongoni mpaka barabara kuu. Mhandisi alikuja, kijana mpole mwenye kofia ya njano, wakapima na kupigilia vigingi. Mtaro mkubwa wa maji ya mvua ulipangwa kupita kushoto, na korongo lifunguliwe. Ukuta wa Sabina ukapigwa alama nyekundu.

Wakazi waliunda kamati ya kuwasemea. Upande wetu tulimchagua Lukas. Nani angefaa zaidi? Alijua ujenzi, alijua maji, na alikuwa anazungumza vizuri. Siku ya mkutano wa kukubaliana kuhusu mtaro nilijiandaa kwenda, nikavaa kabisa. Lukas akanisimamisha mlangoni.

"Wewe baki na mama. Mimi si nipo? Nitasema kwa niaba ya nyumba yetu."

Nikavua viatu, nikarudi kwenye cherehani. Mke gani angekataa?

Haikuchukua muda nikaona vigingi vimehama. Mtaro sasa ulikuwa ushuke kushoto, lakini kabla ya kufika kwa Sabina ukatize chini ya barabara kwa kalavati, uje kulia, upinde kona kali mbele ya geti letu ndipo uendelee chini. Nilidhani wamekosea. Nilimsubiri Lukas arudi, nikamuuliza.

"Ni mambo ya kitaalamu," akasema. "Mhandisi ndiye aliyeamua."

"Lakini maji hayajawahi kupita huku, Baba Kulwa. Kona ile itayahimili?"

"Wewe umesomea barabara?"

Alisukuma sahani, akatoka. Mayu alikuwa kwenye kiti chake akimenya viazi. Aliacha kumenya.

Kesho yake nilimfuata mhandisi pale walipokuwa wakipanga mawe. Aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo mama," nami nikamuuliza kwa nini ametuletea maji. Akanitazama kwa mshangao.

"Mama, mimi nilipendelea lile korongo. Nililisema mkutanoni. Wakazi wa upande wenu ndio walioridhia. Mjumbe wenu alisema watu wake hawana pingamizi, na akaomba ukuta wa yule mama usiguswe."

Mjumbe wetu... Mjumbe wetu alikuwa analala kitanda kimoja na mimi!

Nilirudi nyumbani. Nilimwambia Lukas nilichoambiwa. Alisema ninamfuatilia, ninamdhalilisha kwa wafanyakazi, na nikiendelea nitamjua yeye ni nani. Tangu siku hiyo tukawa tunaishi kama wapangaji wawili. Alitoka alfajiri, akarudi ameshashiba. Kila nilipotazama dirishani niliona mtaro ukichimbwa kuja kwetu, kidogo kidogo. Nilijua kuna kitu. Ila moyo ulikataa kukitaja.

Mtaro ulikamilika kabla ya vuli. Mvua za kwanza zilikuwa ndogo. Maji yalijaa kwenye kona, yakatapika kidogo getini, yakapungua. Lukas akaniambia, "Umeona? Si yamepita?" Nikajaribu kuamini.

Ile mvua kubwa ilikuja mchana. Watoto walikuwa shuleni. Lukas aliniaga asubuhi kwamba anakwenda kazini Pasiansi, upande wa pili wa mji, atachelewa kurudi. Nilikuwa nashona sare, Mayu amelala. Mlimani kukawa kweusi, kisha nikasikia mngurumo ambao si radi. Yalikuwa mawe yanaviringika ndani ya mtaro.

Nilichungulia. Kalavati ilikuwa imeziba kwa matawi, makopo na mawe. Maji yalipanda juu ya barabara, yakashindwa kukata ile kona, yakaja moja kwa moja kwetu. Geti liling'oka. Ukuta wa mbele ukalala chini kama mkeka. Kabla sijafika chumbani kwa Mayu, maji yalikuwa yameshaingia sebuleni, yakipiga magotini, mazito, ya rangi ya udongo.

Nikampigia Lukas simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Haikupokelewa.

"Niache," Mayu akaniambia. "Nenda kwa wanao."

"Wanangu wako salama shuleni. Shika shingo yangu, Mayu."

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mzito, miguu yake imevimba, na kila hatua niliogopa kuteleza. Tulipofika barazani nikashika nguzo, nikainua macho kutafuta mtu wa kutusaidia.

Ng'ambo ya barabara, kwenye geti la Sabina, alikuwepo mwanaume aliyevaa kaptula na singlendi, miguu mitupu, anapanga viroba vya mchanga ili maji yasiingie. Nguo za mtu aliyetoka ndani ya nyumba hiyo. Mtu ambaye alikuwa anapumzika humo mvua ilipomkuta.

Alikuwa mume wangu.

Niliganda. Nadhani ningesimama pale mpaka maji yanichukue. Ni Mayu aliyepata sauti. Alimwita mwanawe kwa jina la Kisukuma alilompa alipozaliwa, jina ambalo hakuna mwingine pale mtaani aliyelijua. Lukas akageuka. Alituona. Nawaapia, alituona vizuri kabisa, mama yake akiwa mgongoni kwangu na maji yakiwa yamenifika mapajani.

Sabina alikuwa nyuma yake, amejifunika kanga kichwani. Nilimsikia akisema, "Lukas, ziba hapa kwanza, yanaingia."

Na yeye akainama, akachukua kiroba kingine.

Ndugu zangu, nimejaribu mara nyingi kumtetea kichwani mwangu. Labda alichanganyikiwa... labda alidhani atawahi kote kuwili... Lakini niliona mikono yake. Haikutetemeka.

Aliyetuokoa ni Mwalimu Jeni, jirani yetu wa juu, mama wa Kihaya aliyestaafu ualimu. Alikuja na vijana waliopanga kwake, wameshikana mikono, wakampokea Mayu, wakanivuta na mimi. Tulipokuwa tunapandisha ngazi za kwake nikasikia kishindo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka, upande wa chumba cha Mayu. Cherehani yangu, vitanda, nguo za wateja, picha za watoto wakiwa wadogo, vyote vilishuka bondeni kuelekea ziwani.

Lukas alikuja jioni kwa Mwalimu Jeni, ameshabadilisha nguo. Alianza kueleza kwamba alipita tu, akamkuta jirani ana shida, na jirani ni jirani. Mayu, amefunikwa blanketi, akamuuliza swali moja tu.

"Nilipokuita, ulinisikia?"

Lukas akatazama sakafu.

"Nimekuuliza, baba. Ulinisikia?"

"Nilisikia, mama."

Mayu akageuza uso ukutani. Usiku ule Lukas alilala ng'ambo, wala hakuficha. Ndipo majirani wakaanza kunieleza yale waliyokuwa wakiyajua muda mrefu. Kwamba uhusiano ulianza wakati anajenga ule ukuta. Kwamba mkutanoni alisimama, akasema maji yapelekwe kulia, na watu wakanyamaza kwa kuwa kulia ni kwake mwenyewe. Nani angemkatalia mtu anayejitolea kupokea maji? Mjini hapa mwanamke wa nje wanamwita mchepuko. Vijana wakawa wanasema mtaro wa mtaa wetu ndio mchepuko wenyewe. Walicheka. Mimi nilikuwa naokota masufuria yangu kwenye tope.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Nilikwenda na nguo za kuazima, na Mayu akasisitiza aende pia, tukambeba akiwa kwenye kiti. Wengi walitegemea nitaongelea ndoa. Nilitamani. Sabina alikuwa amekaa mbele, na Lukas amesimama pembeni kama mtu anayesubiri gari. Lakini niliposimama nilizungumza juu ya mtaro peke yake. Nilisema maji yalikuwa na njia yao, tukayanyang'anya. Nilisema kona ile ikibaki, mvua ijayo itachukua nyumba ya chini yetu, na humo kuna mtoto mchanga. Niliomba korongo lifunguliwe.

Mwenyekiti akamgeukia Lukas. "Bwana Lukas, uliwauliza watu wa kulia kabla hujasema wameridhia?"

Lukas akamtazama Sabina.

"Sikuwauliza," alisema.

"Hata mkeo?"

Sauti ya Mayu ikatoka kwenye kiti. "Alimwambia abaki na mimi. Nilikuwepo. Nimemzaa mimi, lakini nilikuwepo."

Sabina aliondoka mkutano haujaisha. Watu waliinua mikono, na safari hii mhandisi alihesabu mmoja mmoja. Ukuta ulivunjwa, fremu zikavunjwa, korongo likafunguliwa na kujengewa mawe pande zote mbili. Masika yaliyofuata maji yalipita bila kumgusa mtu. Nilikwenda kuangalia. Nilisimama juu ya kile kilichokuwa sebule yangu, pamebaki msingi na nyasi, nikayatazama yanavyoshuka kwa utulivu upande wa pili. Nililia mpaka Mwalimu Jeni akaja kunichukua.

Haki ilipatikana, ila nyumba haikurudi. Wala ndoa.

Nilipohamia Nyegezi nilimwambia Mayu kwamba nitamtafutia gari la kumpeleka Magu kwa binti zake. Alikuwa anakunja kanga zake. Akaniuliza kama nimechoka kumtunza. Nikasema hapana. "Basi nitakaa," akasema, "mpaka uchoke." Tangu mvua ile kifua kinambana, anakohoa sana wakati wa baridi. Kulwa na Doto hupokezana kumchemshia maji. Bado anasema ugali wangu ni laini.

Sabina alimfukuza Lukas muda si mrefu baada ya ukuta kuvunjwa. Lukas akaja hapa na wazee wawili wa ukoo kuomba msamaha. Nilimsamehe, sikumrudisha. Hivi mngekuwa ninyi mngeweza kulala jirani na mtu aliyemsikia mama yake akimwita, akainama kuchukua kiroba? Anakuja Jumapili kumsalimu mama yake. Namkaribisha kiti nje, kisha naingia ndani kwenye kazi zangu ili wazungumze. Kuna Jumapili wanazungumza. Kuna nyingine wanakaa tu.

Wasomaji wenzangu, hasa kina mama, ninawaomba jambo moja. Ukiona watu wanapima barabara mtaani kwenu, toka nje. Uliza maji yatapita wapi, na ukiambiwa majirani wameridhia, uliza ni majirani gani. Mkutano ukiitishwa nenda mwenyewe, hata kama mwenzio ni mjumbe, hata kama mnapendana kama siku ya harusi. Kumpenda mtu ni kitu kimoja. Kumkabidhi kinywa chako ni kitu kingine kabisa, na mimi nilikuja kuutambua mpaka huo nikiwa nimebeba mtu mgongoni.

Huku Nyegezi mimi ni mpangaji tu, sina hata tofali. Wiki iliyopita walipita kutangaza mkutano wa mtaa kuhusu mitaro. Nilizima pasi, nikawaambia wateja warudi kesho, nikaenda kukaa mstari wa mbele.