Jina la Kumwamshia

Ngendakumana alipozinduka baada ya kupasuliwa, kitu cha kwanza alichoomba ni kasia.

"Kasia ya nini?" Bernardine, mkewe, alimwinamia. Mumewe alikuwa mkulima wa mihogo wa Nyakabere, mwoga wa maji, na tangu azaliwe hajawahi kupanda mtumbwi.

"Kasia yangu. Nimeiacha bandarini Kalundu." Pumzi yake ilinuka ndagala, dagaa wabichi wa ziwani.

Claire, muuguzi aliyemchoma dawa ya usingizi, hakushtuka. "Ni dawa, Mama. Inaonyeshaka bantu maneno. Bengine banatapika, bengine banaimba, bengine pumzi inakatika na hatubapate tena. Weye bwana yako iko muzima, shukuru Mungu. Kesho itaisha."

Kesho ikaja, na haikuisha.

Bernardine alijua kosa ni lake. Vita vilikuwa vimerudi mara ya pili, na kwenye bariere za askari barabarani jina la Kirundi kama Ngendakumana lilitosha kumshusha mtu garini asionekane tena. Ngiri ya tumboni ya mumewe ilipojinyonga akatakiwa kupasuliwa, walipita kwa karte ya kitambulisho ya Anastase, mchukuzi wa bandarini aliyezama ziwani mwaka uliopita. Mjane wake ndiye aliyewapa kwa huruma. Picha ilikuwa imefutika. Hospitalini wakaandika jina hilohilo.

Basi mgonjwa alipokawia kuamka, Claire alimwambia Bernardine afanye wanavyofanya ndugu wote pale: "Umuite kwa jina, Mama. Muntu anafuataka jina yake." Kwenye kitanda cha pili alilala askari aliyevunjika mguu, macho kodo. Bernardine akaogopa kulitaja jina la kweli, akaita, "Anastase! Anastase!"

Na kitu kikaitika.

Wiki moja baadaye walikuwa mtaa wa Songo, kwa dada yake Bernardine. Kidonda kilikuwa kinafunga vizuri, lakini Bernardine hakuweza kuketi. Alipiga deki chini ya kitanda, na kabla hajakamua kitambaa sakafu ilikuwa imelowa tena, mchana kweupe, jua likiunguza mabati, na mumewe alilala akivuta mikono miwili hewani kama mtu apigaye makasia, vidole vimesinyaa kwa maji kama vya mfua nguo, na kila Bernardine alipoingia na uji aligeuka akamtazama kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mke wa mtu. Adabu hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko maji.

Akamwita mzee Ndihokubwayo, aliyepunga pepo kabla ya kuwa katekista, na wenye midomo walisema hata baada. Mzee alinusa mlangoni, akagoma kuingia.

"Ile haiko Anastase," alinong'ona. "Ni jini ya mu ziwa, inavalaka jina ya bale banazama. Weye uliifungulia mulango. Mwenye nyumba angali inje."

"Sasa nitafanya namna gani, Muzee?"

"Umuite kwa jina yake ya kweli. Kwa nguvu, mara tatu."

"Hapa? Basoda na bunduki zabo banapita pale barabarani!"

"Basi bakia na mugeni wako."

Bernardine alizunguka ua mara mbili, mkono mdomoni. Alimtaka mumewe. Liwalo na liwe! Akasimama dirishani akapaaza sauti, "Ngendakumana!" na ndani kitanda kikagonga ukuta; akaita tena, na harufu ya ndagala ikajaa ua mzima hata kuku wakakimbia; akaita mara ya tatu, na maji yakatoka chini ya mlango, yakapita kati ya miguu ya mzee, yakashika mtaro wa kwenda ziwani.

"Bernardine." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyonge. "Nilikuwa nakusikia. Lakini ulikuwa unamwita mwingine."

Alimkumbatia akalia kwa furaha. Lakini jina likishatoka kinywani ni maji yaliyomwagika, na majirani walikuwa wamesikia. Jioni ileile mke na mume wakashika njia ya Kalundu kutafuta boti ya kuvuka ziwa.

Bariere ilikuwa karibu na bandari. Askari akachukua karte, akasoma polepole.

"Anastase. Njo weye?" aliuliza kama ndiye yeye.

Bernardine akamfinya Ngendakumana mkono: sema, la sivyo tutakufa.

"Njo minye," akakubali kuwa ndiye.

Kiganja chake kikalowa ndani ya kiganja cha Bernardine. Askari akashusha kamba.

"Pita na bibi yako."

Mumewe akageuka, akamtazama Bernardine kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mke wa mtu.